Mgeni Rasmi Yuko Vwawa

Kila mara kabla ya kusema lolote, mshereheshaji alifuta kipaza sauti kwa leso, ingawa hakuna mwingine aliyekigusa. Asubuhi ile ya mbio za hisani hapo Tunduma alikifuta, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya kubembeleza kwamba mgeni rasmi yuko njiani, amefika mji wa Vwawa, watu wavute subira. Mbio hizo Roda aliziandaa kumkumbuka bintiye Gloria, aliyefariki kwa saratani ya damu, na wafadhili waliahidi kuchangia utafiti wa saratani za watoto kwa kila atakayemaliza. Jua lilizidi kupanda, wakimbiaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

“Baba, tuanze,” Roda alimsihi mshereheshaji.

“Bila mgeni rasmi, mama? Watu watatuonaje?”

“Watu gani, na wote wanaondoka?”

Mshereheshaji akafuta kipaza sauti. “Ndugu zangu, mgeni rasmi bado yuko Vwawa.”

Roda akakaza kamba za viatu, akaanza kukimbia peke yake. Waliobaki wakamfuata mpaka eneo la Chapwa na kurudi. Walipofika wakihema, gari la mgeni ndiyo kwanza linaegeshwa. Mshereheshaji akamjia Roda mbio, akainama, akamnong'oneza kwa heshima zote: “Mama Gloria, naomba mrudi pale mwanzo, kidogo tu. Mgeni rasmi hajazindua.”