Paka wa Nyumba Isiyoingia Samaki

Ukitaka leso Malindi, nenda kwa Alkesh. Usibishane nami. Mimi Msellem nimewavisha wake, dada na mashangazi, na mtu anayezijua leso baada ya Alkesh, ndiye mimi. Duka alirithi kwa baba yake, na baba kwa babu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha hao wapwa zangu wanaosoma chuo kule Kilifi. Na hasemi uongo. Hilo ndilo linalonikera: muuza nguo gani asiyesema uongo? Ukimuuliza, "Rangi hii inachuja?" anakujibu, "Inachuja, bwana Msellem. Ifue peke yake." Halafu unainunua hiyohiyo, tena umefurahi.

Jambo jingine lililompa sifa ni chakula. Nyumbani kwake haiingii nyama, haingii samaki, haliingii yai. Mama yake, Bi Anjana, mwanamke mfupi mwenye fimbo ndefu, hata kitunguu thaumu hukitazama kwa jicho baya. Wenziwe wa hekaluni wakitaka mfano wa mtu aliyeshika dini yake, wanamtaja Alkesh. Hata paka wao, Ladu, wa manjano na mviringo kama ladu lenyewe, ile tamutamu ya Kihindi, mtaa mzima ulijua kuwa anakula wali na maziwa. Mimi nilikuwa nikiutazama ule mwili wake nikisema moyoni: wali gani huo? Na mimi nikauombe.

Basi Jumapili moja, jua la utosini, namwona Alkesh anatoka mbio, kiatu mguu mmoja, kamfunga Ladu ndani ya leso mpya, pea nzima, haijakatwa hata.

"Bwana Msellem, gari liko?"

"Liko. Nani anajifungua?"

"Ladu anakufa."

Nilitaka kucheka, lakini nikauona uso wake. Paka mate yanamchuruzika, anajikwaruza mdomo kwa makucha, akijaribu kumeza analia kama mtoto. Daktari wa mifugo wa pale mjini alikuwa matangani Kakuyuni, simu kaizima. Iliyobaki ni ile hospitali ya wanyama ya upande wa Kilifi, isiyofunga mchana wala usiku, Jumapili wala Idi. Nikawasha gari. Kabla sijaondoka, mlango wa mbele ukafunguka, fimbo ikaingia, kisha Bi Anjana.

"Ni sumu ya panya," akasema. "Kavumbi jirani ameiweka kwenye ghala lake. Endesha."

Niliendesha, jamani. Barabara ile naijua shimo kwa shimo. Lakini mtu mashuhuri ana taabu zake, kila kituo kuna anayenisalimu, na mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu honi.

"Msellem," akasema Bi Anjana, "unaendesha gari au unaomba kura?"

Nikaacha kupunga mkono. Alkesh, kiti cha nyuma, alikuwa akimfuta Ladu mate kwa pindo la leso, na jasho linamtoka yeye kuliko paka.

Daktari alikuwa mama wa Kigiriama, Zipporah jina lake, mrefu, mikono ya koti kaikunja. Alijaribu kumfungua Ladu mdomo, akapigwa kucha. Akajaribu tena, akaumwa. Stima ilikuwa imepotea, na fundi alikuwa nje anagombana na jenereta, kwa hiyo mashine ya picha ilikuwa kama kabati tu.

"Nisikilizeni," akasema daktari. "Kama amekula sumu, namtapisha sasa hivi, na dawa ya usingizi simpi, itammaliza. Kama ni mfupa umemkwama, namlaza nautoa, na kumtapisha ndiko kutakakompasua koo. Nikikosea, paka hatunaye. Niambieni amekula nini."

"Wali na maziwa," akasema Bi Anjana.

"Samaki je?"

Bi Anjana akagonga fimbo sakafuni. "Daktari, nyumba yangu haijaingia samaki tangu nilipoolewa."

"Basi ni sumu," akasema daktari, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Nikamtazama Alkesh. Yule mtu anayekwambia rangi inachuja alikuwa amebana midomo kama mkoba. Akamtazama mama yake. Akamtazama Ladu. Ladu akatoa kisauti kidogo, kama mlango unaofungwa polepole.

"Daktari, ngoja," Alkesh akasema. "Ni tafi."

"Tafi gani?" akauliza Bi Anjana.

"Tafi wa kukaanga. Wa Bi Nana muuza samaki, pale nyuma ya duka. Leo asubuhi nilikwenda na Ladu dukani kufungua mizigo... Nilimpa Ladu kichwa."

Daktari aliitupa ile sindano, akachukua nyingine, akamkumbatia Ladu na leso yake, akaingia ndani. Tukabaki watatu na mbuzi mmoja mwenye mimba aliyekuwa akingoja zamu.

Bi Anjana hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kichwa amekula Ladu," akasema. "Kiwiliwili je?"

Alkesh akamtazama mbuzi. Mimi nami nikamtazama mbuzi. Mbuzi akatutazama sisi.

Daktari alirudi na koleo jembamba, ncha yake imeshika mwiba wa tafi. "Ulikuwa umejichoma huku nyuma ya koo. Ladu atalala kidogo, kisha mwende naye." Nikawaambia kuwa ni mwendo wangu uliomwokoa, lakini hapakuwa na aliyenisikia. Alkesh alikuwa ameketi chini, pale pale sakafuni, anajifuta macho kwa kiganja.

"Ila mama," daktari akaendelea, "paka si kama nyinyi. Akila wali mtupu siku zote moyo unalegea, na macho yanaweza kupofuka. Huyu kaponea hao samaki wa siri. Mpeni, lakini watoeni miba."

Bi Anjana akamgeukia mwanawe.

"Kumbe ulikuwa unamtibu macho."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe, macho yako yalikuwa na nini?"

Alkesh angeweza kusema lolote. Mimi ningekuwa nimeshatunga maradhi matatu, na dawa zake.

"Hayana kitu, mama," akasema. "Ni utamu tu."

Bi Anjana akageukia ukuta. Nikaona mabega yanamtetema, na wallahi sikujua kama analia, mpaka alipojifunga mtandio mdomoni kuzuia kicheko.

"Utamnunulia samaki," akasema iliporudi sauti yake. "Utakaa uani, umtoe miba mmoja mmoja, na mikono uioshe kwa ndimu kabla hujagusa mlango wangu."

"Sawa, mama. Na mimi?"

"Wewe," akasema Bi Anjana, "kuna dengu."