Kimya cha Hinda

Dada yangu Maka hajui kutulia. Ukimkuta ameketi, ujue anaumwa. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa mtoto, na nadhani ilimwongezea miguu. Chama cha viziwi hukutana sebuleni kwetu mjini, mtaa wa Waberi, naye ndiye mwenyekiti, ndiye tarishi. Leo yuko kwa chifu, kesho hospitalini, anadai wakalimani wa lugha ya ishara. Mimi ndiye sauti yake, na visigino vinaniuma.

Juzi Hinda, kiziwi mwenzao wa kule kijijini Balambala, alimtumia video. Alieleza kwa ishara, haraka haraka: anaozwa kesho yake kwa Abdille, mzee mwenye ngamia wengi na hasira nyingi zaidi, na yeye hamtaki.

Maka hakumaliza chai. Alfajiri tulidandia pikapu ya mbuzi, yeye akigonga paa la dereva kila gari lilipopunguza mwendo. Mimi nilikuwa nasoma dua tu.

Nyumbani kwa kina Hinda tulikuta wazee wameketi na sheikh. Mashahidi wawili ndio kwanza wanatoka ndani kumuuliza bibi harusi kama ameridhia.

"Amenyamaza," wakasema. "Bikira akinyamaza, amekubali."

Wamemuuliza kiziwi kwa mdomo, tena kafunikwa shela usoni!

Maka alikuwa ameshaisoma midomo yao. Akasimama mbele ya sheikh, akaenda huku akarudi huku, mikono ikiruka, nami nikiikimbiza kwa maneno: "Adeer, mzee wetu, huyu hakunyamaza. Hakulisikia swali."

Salah, babake Hinda, akafoka. "Wanawake wa mjini! Mmetuletea fitina nyumbani?"

Sheikh akamnyamazisha kwa kidole. "Salah, nikifunga nikahi bila ridhaa yake, dhambi ni yangu. Mleteni hapa."

Hinda akaletwa. Maka akamfunua uso, akamuuliza kwa ishara, polepole, mara ya kwanza namwona akifanya jambo polepole. Hinda hakumjibu yeye. Alimgeukia babake, akafyeka hewa mbele ya kifua kwa kiganja, mara mbili.

Sheikh akanitazama, anangoja tafsiri. Nikafungua mdomo.

Salah akaniwahi, macho yake chini.

"Acha, binti yangu. Hiyo naijua. Ndivyo alivyokuwa akikataa maziwa nikimpa alipokuwa mdogo, na sikuwahi kumlazimisha. Amesema hapana."