Kitambaa Juu ya Osiloskopu

Mke wangu hakupenda kuona kifaa chochote kikikaa uchi ndani ya nyumba. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni na chake, hata ndoo ya maji ya kunywa ilifunikwa. Kwa hiyo nilipostaafu nikaruhusiwa kuondoka na mashine yangu ya kazini, nikaileta hapa nyumbani Buswelu, aliipima kwa shubiri, akanunua uzi mweupe, akaifumia vazi. Kwenye kona moja alitia msalaba mdogo wa bluu.

"Sasa na yenyewe imeokoka," alisema.

Mashine hiyo ni osiloskopu. Ni sanduku lenye kioo mbele kama televisheni ndogo, na kazi yake ni kuuchora umeme ili fundi auone kwa macho. Umeme uliotulia huchora mstari. Unaotikisika huchora mawimbi. Ilifika katika karakana ya kanisa miaka ile tulipokuwa tukitengeneza redio za mawasiliano za zahanati na za boti za visiwani. Ilikuwa imeshatumika ng'ambo mpaka rangi ya vitufe imefifia, lakini kwetu ilikuwa ajabu, kwa sababu ilikuwa ya dijitali. Zile tulizozizoea zilichora na kusahau papo hapo. Hii ilikumbuka. Ulibonyeza kitufe, wimbi likabaki ndani. Ukizima leo na kuwasha kesho, unalikuta.

Siku tuliyoifungua, mke wangu alipitia karakana akiwa njiani kwenda mazoezi ya kwaya. Nikaunganisha maikrofoni, nikamwomba aimbe chochote. Alikuwa anaimba sauti ya pili. Akatoa noti moja tu, ndefu, na mimi nikiwa nimeinamia kioo nikabonyeza kitufe. Wimbi lile sikulifuta tena. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa na nafasi chache, na mafundi wenzangu walijua kwamba ile ya kwanza haiguswi.

Mungu alimwita miaka mingi baadaye, akiwa amelala, bila kuteseka, na kwa hilo nashukuru. Kanda za kwaya zilikuwa zimeshaliwa na ukungu. Kilichobaki cha sauti yake kikawa ule mchoro. Hauimbi, najua. Lakini kila Jumapili baada ya ibada nilikunja kitambaa upande wa mbele tu, kama anayemfunua bibi harusi, nikawasha, nikaketi nao kidogo. Kitambaa chenyewe sikukiondoa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoisha, mchoro ulianza kutetemeka. Jumapili moja kioo kikafifia kikawa cheusi, na harufu ya joto ikajaa sebuleni. Nikachomoa waya, nikampigia simu rafiki yangu niliyefanya naye kazi karakana, Msukuma wa Magu ambaye siku hizi anaishi Busisi, ng'ambo ya ziwa.

Alikuja kesho yake, kabla hata uji haujapoa.

"Umewahi," nikamwambia.

"Nifanyeje? Zamani nilikuwa nalala mpaka nashiba, nikifika nasingizia pantoni imechelewa. Daraja jipya limetunyang'anya uongo wetu."

Tuliomba kwanza, kama tulivyozoea karakana, kisha tukafungua skrubu za sanduku. Yeye ndiye aliyechungulia, akaniita kwa kabila langu kama kawaida yake.

"Mjita, njoo uone maajabu. Humu kuna godoro."

Feni ilikuwa imezongwa na nyuzi nyeupe, na katikati ya nyuzi walijaa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi msimu wao ukifika, wamekauka wamekuwa unga. Matundu ya juu, ambayo joto lilipaswa kutokea, ndiyo yaliyokuwa chini ya kitambaa. Mashine ilikuwa imevaa sweta kwenye jua la Mwanza. Kapasita za sehemu ya umeme, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, moja imepasuka.

"Shemeji aliipenda sana hii mashine," alisema akinyofoa nyuzi. "Ameipenda mpaka imekosa pumzi."

Nilicheka, maana ni yeye tu angeweza kulisema hilo nikacheka.

Feni tukaisafisha ikazunguka. Kapasita nilikuwa nazo, tukazibadilisha bila taabu. Ndipo nikaweka mita kwenye betri ndogo iliyochomewa katikati ya ubao, ile inayolinda kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Ilikuwa inakata roho. Ikiachwa, huenda isifike Jumapili. Ikitolewa, kumbukumbu inafutika palepale, na wimbi linakwenda nayo.

Kisha rafiki yangu akasema tulichokuwa tunakijua wote wawili: betri nyingine iunganishwe kwanza kwa nyaya nyembamba, ishike mzigo, ndipo ile ya zamani itolewe. Nyaya tukazibana kwa vibanio. Tatizo lilikuwa chuma changu cha kulehemu. Kilikuwa kinavuja umeme kidogo, ukikigusa unausikia kwenye kidole, na kidogo hicho kingetosha kuvuruga kumbukumbu.

"Kile chuma chako cha shaba bado unacho?" aliuliza.

Nilikuwa nacho. Ndicho tulichojifunzia ufundi kabla karakana haijapata umeme wa uhakika: kipande cha shaba kwenye mpini wa mti, kinachopashwa kwenye mkaa. Chuma cha mkaa hakina umeme wa kuvuja.

Binti yangu alikuwa amebandika maharage kwenye jiko uani. Alituona tunakuja, wazee wawili, mmoja kashika chuma na mwingine kabeba kipande cha matambara.

"Shikamoo, baba mdogo. Mnataka nini jikoni kwangu?"

"Marahaba. Tunakaanga betri, mwanangu. Sogeza maharage."

"Yakinuka risasi mtakula wenyewe."

Aliyasogeza, lakini alitufuata ndani na kusimama mlangoni. Alijua mashine ile ina nini.

Rafiki yangu alishika ubao, mimi nikashika chuma. Mkono wa kulia nikauegemeza kwenye wa kushoto. Nikagusa mguu wa kwanza wa betri, risasi ya kulehemu ikayeyuka, ukatoka. Tukarudi kwenye mkaa. Nikagusa wa pili. Betri ya zamani ikadondoka mezani na kubingirika hadi kwenye kikombe cha uji. Tukachomea mpya mahali pake, tukasubiri ipoe, ndipo tukaondoa zile nyaya nyembamba pamoja na betri ya kushikiza. Katika shughuli yote hiyo nilikuwa nikisali, lakini sala yangu haikuwa na maneno.

Tukawasha. Feni ilivuma kama ilivyokuwa ikivuma karakana. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Kioo kikapata mwanga, mstari ukatulia. Nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu ya kwanza.

Wimbi likatokea, limepangika vizuri mpaka karibu na ukingo wa kulia, ambako huvunjikavunjika.

"Aa," rafiki yangu alisema, akaweka kidole pale lilipovunjika. "Hapa ndipo alipocheka."

"Alicheka lini? Huo ni waya wa maikrofoni. Ulikuwa mbovu, niliutupa."

"Uliutupa waya mzima, Mjita. Wewe ulikuwa umeinamia kioo, umeachama kama sato aliyetolewa majini. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikaanza kukuigiza. Shemeji alijikaza, akajikaza, akashindwa. Ni hapa."

Akaachama kunionyesha. Binti yangu pale mlangoni akaangua kicheko, kisha akafuta macho kwa pindo la khanga.

Miaka yote nimeutazama mchoro ule nikidhani nina noti moja tu. Kumbe na kicheko chake nilikuwa nacho, hapo ukingoni, nami nikakiita ubovu wa waya.

Tulikula maharage, hayakunuka risasi. Rafiki yangu alipoondoka, nilizima mashine, nikaketi kando yake kitambaa kikiwa magotini. Niliweka kiganja juu ya yale matundu nikangoja. Ilipopoa kabisa, ndipo nikaifunika.