Shati Kambani

Nilipokatwa titi, mtaalamu wa mazoezi katika hospitali moja ya Thika alinionyesha namna ya kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana. Mkono usipofika nyuma ya kichwa, alisema, sitaweza kulala inavyotakiwa kwenye mashine ya mionzi. Nitembee, nianike nguo zangu mwenyewe. Rafiki yangu, jirani yangu hapa Ruiru, alikuwa ameketi kando yangu akisikiliza. Tukirudi nilimwomba habari za ugonjwa wangu zibaki kati yetu, naye akakubali.

Asubuhi tulitembea pamoja hadi kwenye vibanda vya nyama choma vya Kamakis, kabla majiko hayajawashwa. Tukirudi, alinisimamisha kwenye ukuta wake na kuweka alama ya penseli pale vidole vilipokomea. Alama zilikuwa zinapanda.

Kisha Jumamosi moja wanawake wa kikundi chetu cha kanisa wakaja na unga na sukari. Walijua habari za ugonjwa wangu zote, hata titi lililokatwa ni la upande gani. Kwetu mgonjwa akitembelewa hashiki kazi, kwa hiyo wakapangana zamu: huyu apike, yule afue. Nilipochukua shati bichi kwenda kambani, mwenyekiti alinishika kiwiko.

"Mami, ukiinua huo mkono kidonda kitafunguka. Keti, tuko hapa."

Nilimtazama rafiki yangu, nikangoja aseme. Alikuja, akalitoa shati mikononi mwangu, akalianika yeye.

"Si usikie unachoambiwa, dada."

Matembezi yakaishia hapo. Sikutaka kuwaaibisha watu waliokuja na unga, nikaketi. Siku ya kupimwa kwa ajili ya mionzi, mkono ulikomea usawa wa sikio. Nilirudishwa nyumbani nikaanze mazoezi upya, mionzi ingengoja.

Jioni rafiki yangu alileta githeri, akanikuta uani na beseni. Aliuliza nimeambiwa nini hospitalini.

"Yale yale ya siku ile. Ulikuwa umeketi pale. Ulisikia."

Alitazama sufuria yake. "Wangesema najifanya daktari."

Niliinua shati. Likaanguka begani, maji yakateremka hadi kwenye kovu. Alinyoosha mkono kulichukua.

"Liache," nikamwambia, nikainua tena.