Bi Waride, Kungwi wa Kompyuta

Watu wa Kibiti wakimtaja Bi Waride binti Tamimu husema alikuwa mwalimu wa kompyuta, na kila wakisema hivyo mimi hukereka. Mwalimu wa kompyuta tulimpata kabla yake, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kwa gharama za kampuni, na alichotuachia kilikuwa woga mtupu. Bi Waride alikuwa kungwi. Sisemi hivyo kumpamba. Ndivyo ilivyokuwa, na nusura ukungwi wake ututoe kazini sote.

Ilikuwa mwaka uliofuata zile mvua za elinino. Biashara ilikwisha kuwa huria, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamejaa Kibiti nzima, na kampuni yetu ilikuwa na ghala kando ya barabara pamoja na vituo vya kununulia Bungu na Nyamwage. Hesabu za vituo vyote zilikuja kwetu, kwenye chumba kimoja cha makarani. Makarani tulikuwa wanawake watupu, na stakabadhi za mizani tuliziandika na kuzijumlisha kwa mkono. Nje uani, kwenye mizani yenyewe, walikuwa wanaume, na mkubwa wao aliitwa Mshamu. Huyo Mungu alimjalia mikono ya kubeba magunia na mdomo wa kubeba maneno, na vyote viwili havikujua kupumzika.

Siku moja meneja wetu, Bwana Abbasi, akatuita na kutuonyesha kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akakifunua taratibu, akatuambia hiyo ndiyo kompyuta, makao makuu wameileta, na karani atakayekuwa hajui kuitumia msimu utakapofunguliwa atapunguzwa. Miaka ile hapakuwa na mtu asiyejua maana ya kupunguzwa. Tulikwisha kuwaona waliopunguzwa kwenye mashirika ya umma wakirudi nyumbani na kiinua mgongo na redio mpya, na baada ya muda redio nayo inauzwa. Wa kwanza kuketi chini siku hiyo alikuwa Zabibu, mkubwa wetu kwa umri. Alikuwa mjane aliyeshuka kutoka milima ya Umatumbi na watoto wake, na wote walikula kwa ile kazi ya ukarani.

Kijana wa Dar akaja. Alifundisha kwa haraka, nusu Kiingereza, madirisha wazi, na wanaume wa mizani wamejazana dirishani kutazama kioja. Zabibu alipoitwa mbele alibonyeza kitufe cha kuzimia mtambo, na kazi yote ya asubuhi ikapotea. Mshamu akacheka mpaka akashika mbavu. Hilo ningelisamehe, kwa sababu Mshamu hucheka hata msibani. Lakini mwalimu naye akacheka. Zabibu akafunika uso kwa ushungi akalia, na tangu hapo hakuna aliyekubali kukisogelea kile kiti. Yule kijana akaondoka kabla ya muda wake, akiwaambia makao makuu kwamba sisi hatufundishiki.

Hapo ndipo Bi Waride aliposimama. Alikuwa mpiga chapa wa Bwana Abbasi, mwanamke mfupi, mpole wa sauti na mkaidi wa roho. Akamwomba meneja ampeleke Dar akajifunze kufundisha. Bwana Abbasi akamwambia kufundisha si kazi yake. Akaomba tena. Akaomba mpaka meneja akawa akimwona kwa mbali anageuza njia, na mwisho akamruhusu aende kwenye mafunzo ya wakufunzi, ya muda mfupi tu. Yalipokwisha hakurudi mara moja. Alichukua likizo yake, akakaa kwa ndugu yake Amal aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi moja Kariakoo, na kila ofisi ilipofungwa jioni yeye alikuwa pale mbele ya mtambo wa Amal, akijaribu yale aliyofundishwa. Watu wengine hupewa likizo wakalala. Yeye aliitumia kwa ajili yetu, na hakuwahi kutukumbusha.

Alirudi na mkoba uliojaa karatasi za plastiki zenye picha na maelezo. Ndizo vifaa vya kufundishia alivyopewa. Zilitakiwa kumulikwa ukutani kwa mashine maalumu yenye taa, na mashine hiyo Kibiti haikuwapo, wala umeme haukuwapo ila wa jenereta, ambayo iliwashwa kwa muda mfupi kwa siku. Sisi tulizitazama zile plastiki tukaona zitafaa kufunikia chakula. Bi Waride akazibandika kwenye dirisha la nyuma, lile linaloelekea mikorosho, na jua la asubuhi lilipopiga, kila herufi ikawaka. Kisha akakata maboksi ya sabuni, akachora juu yake herufi zote za kompyuta kama zilivyojipanga, akatugawia kila mtu boksi lake. Jenereta ikizimwa, tunabonyeza boksi. Usiku nyumbani mume wangu alikuwa akinikuta nagonga boksi la sabuni kwa vidole vyote na hathubutu kuniuliza, maana alihofia jibu.

Lakini ufundi wake mkubwa ulikuwa dirisha la mbele, la uani. Siku ya kwanza ya darasa lake alivua khanga yake ya juu akalifunika dirisha lile lote. Akafunga mlango kwa komeo. Mama yake Bi Waride alikuwa kungwi mwenye sifa kule Kiongoroni, ndani kabisa kwenye mikoko, na wasichana wengi wa vijiji vya delta walichezwa unyago mikononi mwake. Bi Waride alikuwa ameona tangu utotoni jinsi mwali mwenye hofu anavyofundishwa mpaka hofu inaisha. Akatugeukia, sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Haya, wanangu," akasema. "Humu sasa ni ndani. Atakayekosea hachekwi. Na litakalofanyika humu halitoki nje."

Ikawa hivyo. Alionyesha, tukarudia, tukarudia tena mpaka mkono ukafanya wenyewe. Aliyekosea aliimbiwa kidogo, kwa utani, kisha akaanza upya. Zabibu aliuzima tena ule mtambo kwa bahati mbaya, na Bi Waride akamwambia vema, sasa tujifunze kuuwasha. Nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda mwalimu yeyote. Msimu ulipokaribia, Zabibu alikuwa akiingiza stakabadhi za Nyamwage bila kutazama vidole vyake, na mwenzetu Muzdalifa, mwepesi kuliko sote, alikuwa akichapisha hesabu ya kituo kizima kabla jenereta haijazimwa.

Nje, hata hivyo, hatukusema kitu. Mshamu akituuliza tunafundishwa nini, tunapita macho chini. Mume wa Muzdalifa alimbembeleza mkewe amweleze, akanyimwa. Bwana Abbasi alifunguliwa mlango mara moja achungulie, tukanyamaza sote mpaka akaondoka mwenyewe kwa aibu. Bi Waride alicheka. Alidhani tunafanya mzaha, kwamba tumenogewa na mchezo. Hakujua kwamba sisi, ambao kila mmoja wetu aliwahi kukalishwa ndani kweli na kuambiwa maneno yale yale, hatukuyachukua kuwa mchezo.

Mkaguzi kutoka makao makuu akafika, Bwana Feisal, mtu mstaarabu, mwenye shati jeupe na salamu ndefu za kipwani. Alitueleza wazi: kila karani ataketi kwenye mtambo, aingize stakabadhi alizopewa, azijumlishe, achapishe. Atakayeweza anabaki. Asiyeweza, jina lake litakwenda Dar. Akamwambia Bi Waride kwa heshima kwamba yeye akae pembeni na asimwambie mwanafunzi neno lolote, kwani akifanya hivyo mtihani wote utafutwa. Bwana Abbasi akaketi karibu na mkaguzi. Khanga ilikuwa bado dirishani, lakini nyuma yake tulisikia wanaume wa mizani wakipumua.

Akaitwa Zabibu. Akaketi. Jenereta inanguruma, mtambo unawaka, stakabadhi ziko mbele yake. Zabibu akaweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa.

Bwana Feisal akamsubiri. Akamwuliza kama anahitaji kuelezwa tena. Zabibu hakujibu. Akamwuliza kama amefundishwa. Kimya. Bwana Feisal akamwomba apishe, akaandika. Akaitwa Muzdalifa, naye akaketi vilevile, mikono mapajani, macho sakafuni. Nikaitwa mimi.

Mtu ataniuliza, Ashura, kazi inakuponyoka nawe umeinama? Sikuamua kunyamaza. Nilikijua kila kitufe cha mtambo ule. Lakini mbele yangu walikaa wanaume wawili wageni wa chumba kile, na mimi nilikuwa nimeambiwa na kungwi wangu kwamba mambo ya mle ndani hayatoki nje. Kwetu mwali hatoki kwa hiari yake. Kungwi ndiye humtoa, na hakuwa ametutoa. Mikono ikawa mizito. Nilisikia kalamu ya Bwana Feisal ikiandika jina langu, na niliumia moyo, na bado sikuinua kichwa.

Nilipokuwa nainuka nikamtazama Bi Waride kwa pembe ya jicho. Mwanzoni alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alidhani tumesahau yote. Kisha akamtazama Zabibu pale alipokaa, jinsi alivyoinama, jinsi vidole vyake vilivyofumbatana, na uso wake ukabadilika. Mtu asiyejua huhangaika na kutazama huku na huku. Zabibu alikuwa ametulia kabisa, na Bi Waride, mtoto wa kungwi, aliijua ile namna ya kukaa.

Akasimama. Bwana Feisal akainua mkono kumkumbusha sharti. Bi Waride hakutuambia neno. Alikwenda mlangoni akavuta komeo, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Akaenda dirishani akaishusha khanga, na nyuso za Mshamu na wenzake zikabaki pale wazi, midomo nayo wazi. Akaitandika ile khanga sakafuni, kutoka tulipoketi sisi mpaka kwenye kiti cha kompyuta. Kisha akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele.

Mwanamke yeyote wa pwani anajua maana yake. Mwali anatoka.

Wanawake wa sokoni, ng'ambo ya barabara, waliitikia bila hata kujua ni kwa nani. Zabibu aliinua kichwa, uso mkavu, akainuka, akavua viatu, akatembea juu ya khanga taratibu, akaketi kwenye mtambo bila kuulizwa na mtu. Vidole vikaanza. Uani hapakuwa na aliyecheka. Stakabadhi zikaingia moja baada ya nyingine, jumla ikatoka, karatasi ikaanza kutambaa kutoka kwenye printa, na Zabibu akaichukua kwa mikono miwili akampa Bwana Feisal akiwa amepiga goti kidogo. Akafuata Muzdalifa. Nikafuata mimi, na sina haya kusema kwamba nililia huku nikichapa.

Bwana Feisal alipomaliza kukagua aliziweka chini zile karatasi. Akamwuliza Bi Waride alichofanya ni nini.

"Nimefungua mlango tu, bwana," Bi Waride akasema. "Niliufunga mwenyewe, nikasahau kwamba wao hawawezi kuufungua."

Yule mkaguzi alikuwa na mama yake na dada zake, naamini, maana hakuuliza zaidi. Alikata majina yote aliyokuwa ameyaandika. Hakuna aliyepunguzwa. Kabla hajaondoka alimwuliza Bi Waride angependa kampuni imletee nini ili aendelee kufundisha, na sisi tulidhani atataja ile mashine ya taa. Alitaka ruhusa. Alitaka kila karani aliyefuzu amfundishe mtu mmoja wa kampuni ambaye hajui, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi. Alituambia baadaye kwamba Dar walimfundisha jinsi ya kuingiza maarifa kwa watu, lakini jinsi ya kuyatoa tena alifundishwa na sisi siku ile, kwa hofu ambayo hataki kuirudia.

Kwa hiyo Muzdalifa akapelekwa Bungu, mimi Nyamwage, kila mtu na boksi lake la sabuni. Zabibu akabaki Kibiti, na mwanafunzi aliyepangiwa alikuwa Mshamu. Mizani mpya ilikuwa njiani, ya kuunganishwa na kompyuta, na safari hii lile neno la kupunguzwa lilikuwa linazunguka uani.

Nilikuwa nimekuja kutoka Nyamwage kuchukua karatasi asubuhi Mshamu alipoingia darasani. Mlango ulikuwa wazi, dirisha wazi, na vijana wake wa mizani walikwisha kujipanga pale nje kama alivyowazoesha yeye mwenyewe. Mshamu akaketi. Mikono ile ya kubeba magunia ikawekwa juu ya vitufe, ikaondolewa upesi kana kwamba vimeiunguza. Huko nje mmoja akaangua kicheko.

Nilimtazama Zabibu. Nakiri nilitamani acheke. Alikuwa na haki yake, na nisingemlaumu hata angeita watu kutoka sokoni waje waone. Zabibu aliinuka, akavua khanga yake ya juu, akaenda akalifunika dirisha.

"Haya, mwanangu," akamwambia Mshamu. "Humu sasa ni ndani."