Gazeti Lenye Picha ya Dada Rehema

Majivuno huanza kwa kusahau salamu. Juzi nilimwona kijana akiwaonyesha wenzake kwenye simu kwamba amepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza, nikalikumbuka gazeti lililochapa picha ya dada Rehema kwa habari hiyohiyo. Mama alilizungusha Kariakoo nzima, akampita bila kumwamkia hata bibi jirani, Bi Mwanaidi, aliyeuza vitumbua. Alasiri moja gazeti likapotea. Nililia, nikiamini kuwa pasipo karatasi ile dada asingesafiri. Ndipo bibi akalileta, likinukia iliki na mafuta.

“Nililiokota, nusura nifungie vitumbua, nikamwona mjukuu wangu Rehema pichani ananitazama.”

Mama akainama. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nilidhani anayekwenda Uingereza ni wewe!”

Tangu hapo, salamu yetu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ya Bi Mwanaidi.