Taa Nne za Pango la Mzee Vendel

Nguzo za umeme zinaishia darajani, kijijini chini. Huko juu kilimani, penye safu ya mapango ya divai, hazijawahi kufika, na Mzee Vendel Takó hakuwahi kuzililia. Pango lake lilichimbwa na babu yake kwa sururu katika udongo wa njano: ngazi kumi na saba za kushuka, kisha ukumbi mrefu wenye mapipa sita. Tangu enzi hizo mwanga ulioshuka humo ulikuwa mmoja tu, wa mshumaa, nao ulishikwa kwa mkono wa kushoto, usawa wa goti.

Goti lina sababu yake. Mwezi wa Oktoba, maji ya zabibu yanapochachuka ndani ya mapipa, hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hulala chini kama mbwa mvivu. Mshumaa huijua kabla ya mtu. Ukizimika huulizi, huinami kuokota kitu; unageuka na kupanda ngazi. Vendel alifundishwa hilo na baba yake akiwa na miaka minane. Mzee yule aliuzima mshumaa makusudi, mara kumi, mara ishirini, na mwanawe alipochelewa kugeuka alikula kofi. Siku hizi ungeitwa ukatili. Wakati ule uliitwa malezi, na wote waliolelewa hivyo walizeeka.

Juu mlangoni alisimama Rozália, mkewe. Ndiyo desturi ya kilima kile kila Oktoba: mmoja akishuka, mwingine hubaki juu na kuita. "Vendel, upo?" "Nipo." Kisha kimya kidogo, na tena, "Vendel, upo?" Naye Vendel kwa utundu wake alipenda kunyamaza. Mara ya kwanza hajibu, ya pili hajibu, ya tatu ndipo anaitikia kwa sauti ya kilevi, na Rozália anamporomoshea matusi ya kukolea, na wanacheka wote. Au tuseme Vendel ndiye aliyecheka. Walifanya hivyo miaka arobaini na mitatu. Rozália alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na tangu hapo Vendel alishuka bila kuitwa na mtu.

Masika alianguka. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, nta ya moto ikamdondokea kidoleni, akakosa ngazi na kuvunja mbavu mbili. Jolán, binti yake wa pekee, alikuja kutoka mjini na uso uliokwisha kuamua.

"Baba, nipe ufunguo. Tulifunge hilo pango. Una miaka sabini na tisa."

"Pango lina mia na kumi, na halijalalamika."

"Pango halina magoti, baba."

Walibishana siku mbili, wakapatana siku ya tatu. Jolán angeleta taa. Lakini Vendel akipatwa na jambo lolote tena humo ndani, ufunguo ni wa Jolán, na divai basi. Wakapeana mikono kama watu wanaouziana farasi. Vendel alitabasamu, lakini moyoni aliogopa sana, maana bila pango hakujua angeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Taa zilikuwa nne, ndogo za mviringo, kila moja na betri zake na kijicho cheupe katikati. Mtu akipita mbele ya kijicho, inawaka. Mtu akitulia nusu dakika, inazima. Jolán alizibandika ukutani kwa gundi iliyokuja nazo, na kabla hajashuka kwenye stuli, ya kwanza ilikuwa imeshaanguka. Ukuta wa pango la divai umevaa ukungu mweusi, laini na wenye unyevu. Hata stempu haibandikiki hapo. Ábel, jirani wa pango la pili, alikuja na mkate wake wenye mafuta na kitunguu kutazama kazi ya wenzake.

"Gonga msumari kwenye boriti, binti yangu," alisema akitafuna. "Ukuta huu haukubali mambo ya kubembelezana."

Wakagonga misumari. Taa ya kwanza wakaiweka nje, juu ya mlango, kosa lililowagharimu betri zote za taa hiyo kwa siku nne. Iliwaka tawi la mlozi lilipopepea, ikawaka kila paka alipopita, na Ábel hakuacha nafasi ile impite.

"Vendel, taa yako ina adabu kuliko wewe. Inamsalimu mpaka paka."

Jumamosi iliyofuata Jolán aliihamishia ndani, akaigeuza kijicho kitazame ngazi badala ya mlango. Ya pili ikakaa katikati ya ngazi, na mbili zilizobaki kwenye boriti ya ukumbini, juu ya mapipa. Vendel akashuka mikono mitupu, akishika ukuta, na kila alipofika mwanga ulimtangulia.

Hapo ndipo alipoona maandishi. Mshumaa wa kwenye goti haukuwahi kuifikia boriti ile, wala yeye hakuwahi kuinua macho. Ilijaa mwandiko wa Rozália, kwa penseli ya seremala. Kumbe alipotumwa jagi la divai, miezi isiyo na hewa ile nzito, alikuwa na shughuli nyingine. *Mvua ya mawe, tumepata mapipa mawili tu. Jolán ameota jino. V. amenuna tangu Jumanne.* Na mmoja, wa mwaka waliobadilisha paa: *Leo tena amejibu mara ya tatu. Siku moja nitamuua mwenyewe, hewa isisumbuke.* Vendel alicheka mpaka taa zikashindwa kuzima, na alipomaliza kucheka aliona amelowa mashavu. Alimtamani mkewe siku ile kuliko siku ya mazishi.

Kiangazi kile chote alishuka kwa raha. Mazoea yana taabu, husema watu, lakini mazoea mapya hayakawii. Mshumaa ukabaki kwenye kishubaka kando ya mlango, ukapata vumbi.

Oktoba ikaja, zabibu zikakamuliwa, mapipa yakaanza kunguruma. Jumamosi moja kabla ya mchana Vendel alifungua mlango, akaacha upepo uingie kidogo, akashuka kusikiliza pipa la mwisho. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, nyeupe, tulivu, hazikuyumba hata kidogo. Na mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwanga ukiwepo na hewa safi ipo, angeogopa nini?

Kichwa kilimzunguka mbele ya pipa la tano. Akadhani ni uzee. Akaketi kwenye kigogo cha chini, huko huko hewa ile ilikolala, apumzike kidogo. Usingizi mtamu ukamjia. Akatulia tuli. Na kwa kuwa alitulia, taa zikazima.

Vendel hakufikiri. Kama angefikiri angekufa. Ndani ya giza kitu kimoja tu kilimwamsha, kofi la baba yake: mwanga umezimika, geuka, panda. Akasimama, akageuka, hakuinamia kofia yake iliyodondoka. Kwa kusimama kwake taa zikawaka tena, lakini hakuzitazama. Alipanda ngazi kumi na saba kwa mikono na magoti, akatoka nje na kulala kifudifudi kwenye majani ya mlozi.

Hakuna aliyemwona. Ábel alikuwa kijijini. Jolán alipofika na sufuria yake ya mchuzi mwekundu, alimkuta baba yake ameketi kwenye benchi, amejifuta, rangi imeanza kurudi. Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu kuliko alivyokiri baadaye. Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kifuniko cha sufuria.

"Nini tena, baba?"

"Sikuwasha mshumaa." Akamweleza yote.

Jolán aliketi. Alitazama mlango uliokuwa wazi, akatazama ufunguo.

"Taa nilizileta mimi," alisema.

"Taa ndizo zilizonitoa. Mjinga alikuwa ni mimi."

Walikula mchuzi. Ufunguo Jolán aliuchukua, ahadi ni ahadi. Lakini kesho yake asubuhi, pango likiwa limepigwa na upepo usiku kucha, alisimama kwenye kishubaka akipangusa vumbi la mshumaa.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Chini zaidi. Gotini, Jolán, hubebi keki ya harusi. Ukizimika?"

"Nageuka, napanda. Siokoti hata kofia yako."

Akashuka, mshumaa gotini na taa zikimwakia kichwani. Ngazi zikammeza. Vendel akabaki mlangoni, mahali pa Rozália, mahali ambapo hakuwahi kusimama maishani mwake.

"Jolán, upo?"

Kimya. Huenda alikuwa akihesabu ngazi, huenda hakusikia.

"Jolán, upo?"

Mapipa yalinguruma huko chini. Vendel alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Miaka arobaini na mitatu, kila Oktoba, alimsimamisha mwanamke yule hapa ili yeye apate kucheka.

"Jolán!"

"Nipo, baba. Mbona unapiga kelele? Nasoma aliyoandika mama."

Alikanyaga ngazi ya kwanza. Aliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, akamwomba Rozália radhi kwa sauti, akimtaja kwa kila jina alilowahi kumwita, na taa ya kwanza ikamwakia.